Kiti cha Enzi: Nani Alikikalia, na Nani Alikitengeneza?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia: maseremala, wasukaji na akina mama wa meri-go-raundi. Yameandikwa hapa ili yasomwe katika mikutano ya vikundi.)

  

Leo nataka tuongee juu ya kiti. Najua mtu atauliza: karo haijalipwa, mahindi yameliwa na wadudu, maji ni ya kununua, na huyu anatuletea habari za kiti? Vumilieni kidogo, mtaona kinavyotuhusu. Kila kikundi hapa kina mwenyekiti. Lisikilizeni hilo neno: mwenye kiti. Kumbe uongozi wetu tumeuita kwa jina la kitu cha kukalia! Basi tukitazame kiti kimoja cha zamani, tuone kinatufundisha nini juu ya kazi, mali na uongozi.

1. KITI CHENYEWE

Kinaitwa kiti cha enzi. Ukifika Lamu, uingie makumbusho pale mbele ya bahari, utaonyeshwa viti vya namna hii. Vilitengenezwa katika miji ya pwani yetu, kama Lamu, Pate, Siyu na Mombasa, katika miaka ya 1700 na 1800. Vimeonekana pia kaskazini hadi Barawa nchini Somalia, na kusini hadi Unguja na visiwa vya Komoro. Vingine vilivuka bahari. Hata British Museum kule London wanacho.

Ni kiti kikubwa, cha pembe mraba. Mbao zake ni nyeusi na ngumu, mpingo. Mgongo wake umesimama wima, mrefu kupita kichwa cha mtu aliyekaa. Kina mikono miwili ya kuegemeza. Mbele, chini, kina kibao cha kuwekea miguu. Mahali pa kukalia na sehemu za mgongo hapakuzibwa kwa mbao. Pamesukwa kwa uzi mwembamba uliosokotwa vizuri, kazi ya kufanana na wavu wa mraba mraba. Na juu ya mbao nyeusi kumetiwa njumu, yaani vipande vidogo vyeupe vya pembe za ndovu au mfupa, vilivyokatwa na kulazwa ndani ya mbao hadi vikawa sawa na uso wake. Ukipitisha kidole husikii mahali mbao inapoishia na pembe inapoanza.

Maseremala, sasa hapa ni penu. Kiti hiki hakikushikwa kwa misumari. Fundi alichonga ulimi kwenye ubao mmoja, akatoboa tundu kwenye mwingine, akaviingiza, kisha akavikaza kwa vijiti vya mbao. Kwa namna hiyo kiti kiliweza kufunguliwa vipande vipande, kikahamishwa, halafu kikaunganishwa tena. Leo tunanunua meza ya misumari na gundi, mwaka wa pili mguu unayumba. Kile kimepita zaidi ya miaka mia moja kwenye chumvi ya bahari, na bado kimesimama.

Wataalamu wamebishana umbo hili lilianzia wapi. Wengine wamelifananisha na viti vya Misri ya zamani, wengine na vya India, wengine na vya Wareno. Si ajabu. Pwani ilifanya biashara na watu wengi, na fundi mzuri huona kitu cha mgeni akakifanya chake. Lakini mikono iliyokata na kuunga mbao ilikuwa ya mafundi wa hapa, na Siyu, kisiwani Pate, palikuwa na sifa kubwa kwa kazi za mikono.

2. MIKONO MINGI KATIKA KITI KIMOJA

Haya, tuhesabu pamoja. Ili kiti kimoja kikamilike, ni watu wangapi walifanya kazi?

Wa kwanza ni aliyekata mti. Mpingo hukua polepole sana, unahitaji miaka 70 au zaidi ndipo ufae. Ni mzito hata ukitupwa majini unazama. Mtu aliutafuta porini, akaukata, akaubeba.

Wa pili ni aliyeleta pembe. Pembe hizo zilitoka bara, mwendo wa majuma mengi kwa miguu. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1800 Wakamba ndio walioongoza misafara mingi ya pembe kufika Mombasa. Jina la Kivoi wa Kitui, mfanyabiashara mkubwa aliyefariki mwaka 1851, tunalijua. Majina ya waliobeba pembe mabegani hatuyajui. Kwa hiyo ndugu zangu wa bara, msiseme kiti hiki ni mambo ya watu wa pwani peke yao.

Wa tatu ni seremala mwenyewe. Wa nne ni aliyekata na kulaza njumu, kazi ya macho na subira. Wa tano ni aliyesokota uzi, na wa sita ni aliyeusuka.

Tena kuna wengine ambao tusiposema habari zao tutakuwa tumeficha nusu ya hadithi. Utajiri wa watu waliomiliki viti hivi ulitoka kwa sehemu kubwa kwenye mashamba na biashara, na mashambani walilima watumwa. Utumwa katika pwani ya Kenya ulifutwa kisheria mwaka 1907 tu. Mtumwa alilima, mtama ukauzwa, fedha ikalipa kiti, na yeye kiti hicho hakukikalia maisha yake yote. Huenda alikipangusa vumbi.

Sasa niambieni, hapo makumbusho kibao cha maelezo kinaandika nini? Kinaandika kiti, mahali, miaka. Pengine kinataja aliyekimiliki. Jina la fundi halipo. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa vidole vilikuwa vingi sana, lakini kilichokumbukwa ni cha mmoja.

Katika vikundi vyetu jambo hili linatokea kila siku. Akina mama kumi wanasuka vyondo, mmoja anavipeleka sokoni, na mnunuzi anamjua huyo mmoja tu. Mradi ukifaulu utasikia, "Ule mradi wa Bwana Fulani." Bwana Fulani alitoa hotuba siku ya ufunguzi. Waliochota maji na kufyatua matofali wako wapi? Kikundi kiwe na daftari. Kila kazi iandikwe: nani alifanya, siku ngapi, alilipwa nini. Karani asione ni kazi bure. Jina lililoandikwa ndilo litakalomtetea mwanachama siku ya kugawa faida.

3. NANI ALIKIKALIA?

Kiti cha enzi hakikuwa cha kila mtu. Kilikuwa katika nyumba za mawe za wenye cheo, na aliyekalishwa hapo alikuwa mwenye mamlaka au mgeni wa heshima.

Tazameni tena umbo lake. Mgongo ni wima kabisa. Huwezi kulala hapo wala kujitandaza. Ukikaa, unakaa kama mtu anayesikiliza kesi. Hilo ni funzo zuri kwa mwenyekiti. Kiti si mahali pa kusinzia.

Lakini mnakumbuka kile kibao cha miguu? Mwenye kukaa aliweka miguu juu yake, haikugusa sakafu. Wengine wamekaa mkekani, yeye hata vumbi halimfikii. Hapo ndipo mimi nasema tujihadhari. Nimetembelea vikundi vingi katika kazi hii, na ninajua dalili za mwenyekiti aliyepandisha miguu. Hajui bei ya mbegu imepanda. Hajui ni mwanachama gani ana mgonjwa nyumbani. Mweka hazina akiulizwa hesabu, yeye ndiye anayejibu. Uchaguzi ukifika, anasema katiba haijakamilika.

Nao mafundi wa zamani walikifanya kiti kile kiwe cha kufunguliwa. Kiti cha uongozi nacho kifunguke. Miaka mitatu ikiisha, au ile mliyoandika kwenye katiba yenu, kifungueni, mkague kila ubao, kisha mkiunge tena. Kama mtu yule yule anafaa, akalishwe tena na watu. Asikalie tu kwa sababu alikuwa amekaa.

4. VITI VINAVYOONDOKA USIKU

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza.

Kuna kijiji kimoja pwani ambako mama mjane alikuwa na kiti cha zamani cha babu ya mumewe. Uzi ulikuwa umekatika, njumu zimebanduka upande mmoja, watoto walikuwa wakichezea. Mwanawe akaitwa Kidato cha Kwanza. Akaja mnunuzi mwenye pikapu, mpole, amevaa vizuri. Akasema, "Mama, hiki kimezeeka, mchwa watakimaliza. Nitakusaidia." Alilipa pesa ambazo hazikutosha hata karo ya mwaka mzima, na kiti kikaondoka siku hiyo hiyo jioni. Kikundi cha akina mama kilikuwa kikutane Alhamisi. Walipopata habari, pikapu ilikuwa imevuka mto.

Tusimlaumu yule mama. Mtoto asome au kiti kibaki? Mimi mwenyewe sioni mzazi ambaye angejibu vingine. Tuulize hivi: kwa nini siku ile alikuwa na mahali pamoja tu pa kupata pesa, na pahali hapo pawe kwa mgeni? Kikundi kilikuwa na meri-go-raundi, lakini zamu yake ilikuwa bado miezi mitano. Hakukuwa na kisanduku cha dharura. Mnunuzi hakuingia kwa ujinga wa mama. Aliingia kwa mlango wa shida, na mlango huo kikundi kingeweza kuufunga.

Tena mjue sheria iko. Kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kitu kinachohamishika kilichotengenezwa Kenya, au kuletwa Kenya, kabla ya mwaka 1895 ni kitu cha kale kinachotambuliwa na sheria. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Kwa hiyo mtu akikwambia, "Nipe haraka, nasafiri kesho," ujue kwa nini ana haraka.

Nacho kitu kikishaondoka, kukirudisha si mchezo. Ndugu zetu Wamijikenda wanajua. Huchonga vigango, miti ya ukumbusho wa wazee waliofariki, na husimamishwa mahali pake kwa heshima. Vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Kigango kimoja kilichoibwa mwaka 1985 kilipatikana katika makumbusho ya Marekani, na familia ilikabidhiwa mwaka 2007. Hesabuni wenyewe: miaka 22. Na hiyo ni familia iliyobahatika, kwa sababu palikuwa na picha ya kigango hicho iliyopigwa kabla hakijaibwa. Bila picha ungesema nini? Kila mtu angesema ni chake.

Wengine watasema, basi vitu vyetu visionwe na dunia? Hapana, vionwe. Mwaka 2017 na 2018 kulikuwa na maonyesho ya sanaa ya Waswahili huko Marekani, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya iliazima vitu kutoka Lamu na Mombasa vikaonyeshwe. Kuazima ni kitu kingine. Kinachoazimwa huandikwa, huenda na kurudi, na mwenyewe hujulikana.

5. TUUZE KIPYA, KILE CHA KALE TUKIHIFADHI

Kuna njia ya kupata riziki kwa kiti bila kukipoteza. Uzeni ujuzi. Kiti ukikiuza leo, kesho huna. Ujuzi ukiuuza leo, kesho bado unao, tena umeongezeka.

Hapa nina mambo manne kwa maseremala na wasukaji.

(a) Nendeni mkajifunze kwa macho. Kikundi kiandike barua kwa msimamizi wa makumbusho iliyo karibu, kiombe siku ya kuangalia na kupima. Chukueni futi, kalamu na karatasi. Msiguse bila ruhusa. Wa bara msidhani lazima mfike Lamu. Kuna vigoda vya Wakamba vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa waya, na ekicholong ya Waturkana, kigoda na mto wa kulalia kwa pamoja. Mzee wa karibu nawe huenda anakalia shule nzima!

(b) Msitumie pembe. Biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 ina adhabu kali sana. Mfupa wa ng'ombe unapatikana kwa mwenye bucha. Ukichemshwa, ukasafishwa na kukaushwa, unatoa njumu nyeupe nzuri.

(c) Mpingo tuuache ukue. Wachongaji wetu walipoona miti migumu inakwisha, wengi waligeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayopandwa na kukua upesi. Kila kikundi cha maseremala kiwe na kitalu. Anayekata bila kupanda anakata patasi ya mwanawe.

(d) Jueni bei ya kazi yenu. Hapa ndipo tunapoliwa. Tufanye hesabu ya mfano, kila mahali pana bei zake. Tuseme fundi anatengeneza kiti kimoja kizuri cha nakshi:

Mbao: sh. 3,500
Uzi: sh. 800
Mfupa, gundi na msasa: sh. 500
Usafiri: sh. 600
Kazi ya siku 12, kwa sh. 800 kila siku: sh. 9,600
Jumla: sh. 15,000

Mteja anakuja na sh. 9,000 taslimu. Fundi anasema moyoni, "Nilitumia 5,400, nimepata faida 3,600." Hiyo si faida! Ni mshahara wa siku 12, yaani sh. 300 kwa siku. Kibarua wa shamba anamshinda. Na patasi iliyoisha makali je? Fundi huyu amefanya kama wale wa zamani ambao majina yao hayapo: amejisahau mwenyewe katika hesabu. Chema chajiuza, ndiyo, lakini mwenyewe lazima ajue kinauzwa kwa bei gani.

Jambo la mwisho kwa mafundi wote. Ukimaliza kiti, kigeuze. Chini yake, mahali pasipoonekana, andika kwa kisu jina lako, kijiji na mwaka. Pia jina la aliyesuka. Ni kazi ya dakika tano. Aliyekaa atajulikana kwa njia zake. Mtu akikigeuza kiti hicho miaka mia ijayo, asome nanyi mlikuwa nani.

6. KAZI YA KUFANYA KABLA HATUJAKUTANA TENA

Kwanza, kila kikundi kiandike orodha ya vitu vya kale vilivyoko kijijini: viti, vigoda, milango, vinu, ngoma. Mwenye kitu akubali kwanza, maana ni mali yake. Andikeni ni cha nani, alikipata kwa nani, kinatumika kwa nini. Pigeni picha, nakala moja ibaki kwa mwenyewe na moja kwa karani. Orodha isibandikwe ukutani wala kuonyeshwa wageni.

Pili, kila kikundi kifungue kisanduku cha dharura mbali na meri-go-raundi. Hata shilingi 20 kwa kila mwanachama kwa kila mkutano. Mkubaliane mapema anayeweza kukopa, kwa shida zipi, na atarudisha kwa muda gani. Funguo zishikwe na watu watatu.

Tatu, vijana wawili wapewe mzee mmoja fundi wa kuwafundisha, iwe ni kuchonga, kusuka au kusokota. Mzee alipwe kitu. Ujuzi nao una bei.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni kitu gani cha kale kilichoondoka? Nani alifaidika?
2. Mtu akiletewa pesa leo kwa kiti cha babu yake, na mtoto amefukuzwa shule, kikundi chetu kinaweza kumfanyia nini kabla ya jioni?
3. Katika mradi wetu, ni kazi ya nani ambayo haiandikwi popote?
4. Je, miguu ya mwenyekiti wetu inagusa chini? Mwenyekiti awe wa kwanza kujibu.

 Nimeona maseremala wawili pale nyuma wakigeuza viti vyao kutafuta jina. Halipo, si ndiyo? Basi kazi ianze na hivyo.